Mzinga wa reli na swichi ya ampea milioni moja

Mwaka 2021 jeshi la majini la Marekani lilisitisha mradi wake wa mzinga wa reli, silaha inayorusha chuma kwa nguvu ya umeme badala ya baruti. Mradi huo ulianza mwaka 2005. Kila tunapoitaja silaha hii hewani, tunaishia kuzungumzia kasi yake. Hapa tunaeleza sehemu ambayo haitajwi sana, nayo ni swichi inayouachilia umeme wake.

Mzinga wenyewe si mgumu kuuelewa. Chukua vyuma viwili virefu vilivyolazwa sambamba kama reli za treni. Kati yake weka kipande cha aluminiamu kinachogusa vyote viwili. Umeme unaingia kwa reli moja, unapita katika kipande hicho, unarudi kwa reli ya pili. Umeme unapopita huzalisha usumaku, na usumaku huo ndio unaokisukuma kipande kile mbele pamoja na risasi iliyo mbele yake. Umeme ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ndiyo maana wahandisi hawatosheki na umeme mdogo: wanataka ampea milioni moja na zaidi.

Ampea milioni moja ni nyingi kiasi gani? Swichi ya taa ya nyumbani imetengenezwa kubeba ampea 10 hivi. Mashine ya fundi anayechomelea mageti hutumia ampea 100 hadi 200, na hizo tayari zinayeyusha chuma. Radi ya kawaida hufika kama 30,000. Kwa hiyo ni kama radi zaidi ya 30 zikipita kwa pamoja, tena mahali pale pale fundi alipopanga zipite.

Hakuna jenereta ya meli inayotoa umeme wa namna hiyo papo hapo. Umeme hukusanywa polepole ndani ya kapasita nyingi, kama maji yanayojaza tangi kwa bomba jembamba, kisha humwagwa wote ndani ya milisekunde chache tu, yaani sehemu chache za elfu za sekunde moja. Swichi hukaa kati ya kapasita na reli. Inatakiwa izuie maelfu ya volti bila kuvujisha, kisha ikiamriwa ipitishe kila kitu bila kusitasita.

Swichi ya kawaida ya chuma kugusa chuma hushindwa hapo. Vyuma viwili vikikutana, hata viwe laini namna gani, hugusana kwa nukta chache tu. Umeme wote hubanana kwenye nukta hizo, zinayeyuka, na swichi inagandana. Aliyewahi kuona nyaya za betri ya gari zikigusana kwa bahati mbaya anajua tunachosema. Zaidi ya hapo, umeme mkubwa ukipita kwenye nukta hizo husukuma vyuma viachane, cheche inaruka na kula pande zote mbili.

Njia ya kwanza iliyotumika ni kuacha nafasi kati ya vyuma viwili na kuichochea cheche iruke kwa makusudi. Ni rahisi, lakini vyuma huliwa kila mara. Nyingine ni ignitroni, chupa isiyo na hewa yenye zebaki chini yake. Inabeba umeme mwingi na zebaki haiharibiki kama chuma, kwa kuwa ni kimiminika. Lakini lazima isimame wima, na meli inayumba. Isitoshe, zebaki ni sumu, jambo ambalo wachimbaji wadogo wa dhahabu hawahitaji kuambiwa na sisi.

Siku hizi wengi hutegemea thairista, kisahani cha silikoni kisicho na kitu chochote kinachosogea. Akipewa ishara ndogo, mlinzi huyu hufungua mlango mkubwa. Tatizo ni kwamba mlango haufunguki wote kwa mara moja. Umeme huanza kupita sehemu ndogo karibu na ishara, kisha unasambaa. Ukipanda kwa kasi kupita kiasi, sehemu ile huungua kabla nyingine hazijafunguka. Kwa hiyo kapasita hugawanywa katika makundi mengi, kila kundi na swichi yake, na yanawashwa kwa kupishana ili risasi isukumwe mfululizo hadi mwisho wa reli.

Kuwasha ni nusu tu ya kazi. Huko Canberra, Australia, watafiti wa miaka ya 1970 walitumia jenereta kubwa yenye magurudumu mazito yanayozunguka, wakahifadhi nishati kwenye koili. Kwa koili mambo hugeuka: swichi lazima ikate umeme ili uhamie kwenye reli, na umeme wa koili haukubali kukatwa. Unaruka kama moto kwenye mwanya. Baadhi ya maabara zimewahi kuikata njia kwa baruti, swichi inayotumika mara moja tu. Canberra walifanikiwa kurusha kipande cha gramu 3 kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde.

Ugumu huo huo wa kukata umo kwenye sola yako. Umeme wa gridi hugeuka na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa paneli na betri haugeuki. Swichi ya ukutani iliyotengenezwa kwa gridi inaweza kushikilia cheche hadi plastiki iungue. Muombe fundi swichi iliyoandikwa DC, yenye volti na ampea zinazotosha.

Tarehe 10 Desemba 2010, huko Dahlgren, Virginia, Wamarekani walirusha risasi yenye nishati ya megajuli 33, sawa na magari 33 ya tani moja moja yakikimbia kilomita 160 kwa saa. Swichi zilihimili. Kilichosumbua zaidi baadaye ni reli zenyewe, zilizokwanguliwa kila mzinga ulipofyatuliwa, na gharama. Mzinga wao haukuwahi kufyatuliwa baharini. Japani ilitangaza mwaka 2023 kuwa imefyatua wake kutoka melini, mdogo zaidi, na bado inaendelea na majaribio.