Nusu ya Anayecheza wa Pili

Ukikatiza kwenye vijiwe vya Mwanza jioni, utakuta drafti la vifuniko vya soda: vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule vimepinduliwa. Aliyefungwa anapisha, mwingine anakaa. Nani alianza? Hakuna anayeandika.

Michezo ya ubao ni ya siku nyingi kandokando ya Ziwa Victoria. Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, yote ya safu nne na ndugu wa bao la pwani. Na bao linafundisha kwamba kuanza si lazima kuwe faida. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kulia. Nyingine 22 zinasubiri kunamuliwa, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Kwa mpangilio huo, hakuna shimo lenye kete linalotazamana na shimo lenye kete la mpinzani. Anayeanza hali kitu. Anatakata tu, yaani anasambaza kete bila kula, na asipoangalia ndiye anayemwandalia mwenzake mlo wa kwanza.

Sataranji ni kinyume chake. Mwaka 1946, W. F. Streeter alitoa hesabu ya michezo 5,598 kutoka mashindano 45 ya kimataifa ya kati ya 1851 na 1932. Sare ikihesabiwa nusu pointi, nyeupe, ambayo ndiyo huanza, ilikuwa imevuna asilimia 53.4. Nyeusi ilibakiwa na 46.6.

Tofauti ndogo, lakini haiishi. Ajabu ni kwamba kipimo cha uwezo wa wachezaji kilichokuja kutawala mchezo huo hakikuijali. Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, alibuni hesabu iliyoanza kutumiwa na chama cha sataranji cha Marekani mwaka 1960 na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Mchezaji anayemzidi mwenzake kwa pointi 200 anatarajiwa kupata kama pointi 76 katika michezo 100. Rangi ya kete haimo. Ukizitia takwimu za Streeter katika hesabu ya Elo, kuanza na nyeupe kuna thamani ya karibu pointi 24. Kwa hiyo watu wawili wa kiwango kimoja wakicheza michezo kumi, na mmoja akashika nyeusi yote kumi, haki yake ni pointi 4.66. Akipata tano, jedwali litasema wametoshana. Si kweli, amemzidi.

Mfano mzuri zaidi ni wa London, mwaka 2000. Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alikuwa na alama 2849. Vladimir Kramnik alikuwa nyuma yake kwa karibu pointi 80. Katika michezo 15 ya kuwania taji, Kasparov alishika nyeupe mara nane. Kramnik alijichimbia, mara nne kwa ulinzi wa Berlin, ambao unaondoa malkia ubaoni mapema na kumnyima mshambuliaji silaha. Yote nane ilikwisha sare. Kwa pengo lile la alama, na nyeusi mkononi, matarajio ya Kramnik katika michezo hiyo hayakufika pointi tatu. Alipata nne. Michezo miwili aliyoshinda kwa nyeupe ndiyo iliyompa taji, ila ukuta ulijengwa kwa nyeusi.

Huku ziwani, hesabu hiyo inaigusa Katwe, mtaa wa Kampala ambako Robert Katende alianza kuwafundisha watoto sataranji mwaka 2004, huku akiwapa uji. Phiona Mutesi alitokea hapo. Katika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul ya 2012 alipata taji la WCM, ngazi ya kwanza ya mataji ya wanawake, kwa kufikisha asilimia 50 katika michezo isiyopungua saba. Kanuni haikuuliza ni mingapi kati ya hiyo aliicheza na nyeusi, ingawa michezo saba haigawanyiki sawa kwa rangi mbili: aliyeangukiwa na nyeusi nne alidaiwa nusu ileile aliyodaiwa mwenye nyeupe nne.