Al-Hadhr: Mji wa Jangwani, Kisa cha Binti Mfalme na Ushahidi wa Magofu



Katika darsa na mawaidha hutajwa kisa cha binti mfalme aliyemfungulia adui mlango wa mji wa baba yake. Wako wanaokitumia kuwaambia wazazi kwamba mtoto wa kike si wa kuaminiwa. Tumeona tueleze mji huo ni upi, kisa kimetoka wapi, na kipi ndani yake kimethibiti.

Mji wenyewe

Al-Hadhr, au Hatra, uko Iraq, kiasi cha kilomita 110 kusini-magharibi ya Mosul, katika jangwa lililo baina ya mito ya Dajla na Furati. Ulikuwa mji wa duara wenye upana wa karibu kilomita 2, umezungushiwa kuta mbili na minara zaidi ya 160. Katikati yake palikuwa na mahekalu makubwa ya mawe, kwani watu wake wakiabudu jua na masanamu. Maandishi yao ya Kiaramu yaliyopatikana ni zaidi ya 400, na baadhi yake yanawataja watawala wake kwa cheo cha mfalme wa Waarabu.

Warumi waliuzingira wakashindwa. Mwaka 117 Trajan alirudishwa nyuma na joto, nzi, na uhaba wa maji, kuni na malisho. Miaka ya 198 na 199 Septimius Severus aliujia mara mbili. Wenyeji wakawamwagia askari wake mafuta yanayowaka na kuiunguza mitambo yake ya vita. Jangwa nalo lilikuwa ngome yao.

Kisa kinavyosimuliwa

Ibn Hisham ameeleza katika Sira kwamba Sabur, mfalme wa Wafursi, aliuzingira mji miaka miwili. Binti wa mfalme Satirun akachungulia kutoka ngomeni, akamuona Sabur na uzuri wake, akampelekea ujumbe: utanioa nikikufungulia mlango? Baba yake alipolala amelewa, binti akachukua funguo chini ya kichwa chake. Mji ukatekwa na baba akauawa.

Sabur akamuoa. Usiku mmoja binti akakosa usingizi, akijigeuza kitandani. Palipotazamwa, likaonekana jani moja la mhadasi juu ya tandiko. Sabur akamuuliza baba yake alikuwa akimlea vipi. Akataja hariri aliyovishwa na vyakula vya anasa alivyolishwa. Sabur akaona kwamba aliyemlipa hivyo baba wa namna ile hatashindwa kumlipa hivyo mume, akaamuru nywele zake zifungwe kwenye mkia wa farasi, naye farasi akamburura mpaka akafa. At-Tabari amemtaja binti kwa jina la An-Nadhira, na akaongeza habari za uchawi uliokuwa ukiulinda mji.

Wanazuoni walivyokipima

Kisa hiki si Aya wala si Hadithi. Ibn Hisham amekileta kwa mnasaba wa nasaba ya wafalme wa Hira, na hakina isnadi inayofika kwa Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam).

Tena, Ibn Hisham amemtaja Sabur Dhul-Aktaf. As-Suhayli (aliyefariki 581 Hijria) amenukuu kwamba aliyeuteka mji ni Sabur mwana wa Ardashir, na kwamba Dhul-Aktaf alikuja baada yake kwa muda mrefu. Ibn Kathir ameyanakili hayo. Wamesahihisha kwa kupima tarehe za wafalme, na ndivyo ilivyo: mji ulianguka karibu mwaka 240, na Dhul-Aktaf alianza kutawala 309.

Magofu yanasemaje

Wajerumani waliupima mji kuanzia 1906, na Wairaqi wakaanza kuchimba 1951. Jina la mfalme Sanatruq limo katika maandishi ya mjini, nalo ni karibu na Satirun. Yamepatikana pia maandishi ya Kilatini ya askari wa Kirumi waliokuwa wakiulinda mji katika miaka yake ya mwisho, maana maadui wa jana walikwisha kuwa washirika dhidi ya Wafursi. Karibu na lango la kaskazini ulifukuliwa mtambo wa vita. Nje ya kuta, picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha boma la udongo la wazingiraji. Mwaka 363 jeshi la Kirumi lilipita hapo likaukuta mji ni mahame ya siku nyingi.

Kwa hiyo mji, mfalme, mzingiro na maangamizi vina ushahidi. Binti, funguo na jani la mhadasi havijapatikana ila katika masimulizi.

Tunalolichukua

Kisa kinaweza kusimuliwa kwa mazingatio ya kuwatendea wema wazazi na ubaya wa khiyana, lakini kisemwe kuwa ni kisa. Kukifanya hoja ya kuwadhania vibaya binti zetu hakujuzu. Suratul-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari na kujiepusha na dhana; basi vipi tuwahukumu mabinti walio hai kwa habari isiyothibiti ya aliyekufa miaka 1,700 iliyopita?

Na magofu yenyewe ni mazingatio. Qur-aan inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Waislamu walitawala nchi ile tangu zama za Umar (radhiya Allahu anhu), na mahekalu yale yakabaki yamesimama. Waliokuja kuyapiga nyundo mwaka 2015 kwa jina la dini waliharibu kilichokuwa kikiwakumbusha watu mwisho wa wenye nguvu.

Wallahu a'lam.