Mzee Anayesahau: Historia ya Kipimo Kisichohitaji Kalamu

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya watemi wala ya vita. Tutasoma jinsi matabibu walivyojifunza kumtambua mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, na jinsi walivyokaribia kuwakosea watu wasiojua kusoma.

Nilipolitembelea darasa la Goweko, mama mmoja aliniuliza hivi: "Mama mkwe wangu hakwenda shule. Siku hizi hata jina langu linampotea. Huko zahanati watajuaje kama ni ugonjwa, au ni kutosoma tu?" Swali hilo ni kubwa. Mabingwa wa vyuo vikuu walihangaika nalo miaka mingi.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Waganga huuita demensia. Kusahau ulipoliweka jembe ni jambo la kila mtu, hata kijana. Lakini mwenye demensia huweza kupotea katika njia ya kisima alichoteka maji miaka 40. Huinjika sufuria bila maji. Huuliza jambo moja mara kumi kabla ya adhuhuri, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Hali hiyo huja polepole, mwezi kwa mwezi, kwa sababu ubongo wenyewe unaharibika. Si uzee tu, maana wazee wengi hufika miaka 80 na 90 akili zao zikiwa timamu.

Mwaka 1901 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau kupita kiasi. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona uchafu na nyuzi zilizosokotana mahali pasipostahili. Mwaka 1910 mwalimu wake Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer. Kumbukeni kwamba wakati huo huo Wajerumani walikuwa wakitawala nchi yetu, na reli yao ilikuwa inapita katika pori la Unyamwezi. Ilifika Tabora mwaka 1912. Basi reli ikafika, lakini elimu ya ugonjwa huu haikupanda gari lile la moshi. Hata Waingereza walipofungua hospitali ya Mirembe pale Dodoma mwaka 1927, ilikuwa hasa kwa watu waliowashinda jamaa zao kwa fujo. Bibi kizee anayesahau alibaki nyumbani na wajukuu. Kwa hiyo vitabu vya udaktari vilisema kidogo sana juu ya demensia katika Afrika, na wengine wakadhani kwamba ni ugonjwa adimu kwetu.

Sasa tufike kwenye kipimo. Mwaka 1975 huko Marekani kilitolewa kipimo kifupi cha akili chenye alama 30, kikaenea duniani kote. Daktari humwuliza mgonjwa tarehe, mwezi na mwaka. Humwambia atoe 7 katika 100, kisha 7 tena, na kuendelea. Humpa karatasi asome maneno na kuyatii. Humpa kalamu aandike sentensi, kisha anakili picha ya maumbo mawili yenye pembe tano yaliyopandana. Humwuliza pia wako ghorofa ya ngapi! Mtu wa Goweko, ambaye zahanati yake iko chini ya bati moja, atajibu nini?

Mwaka huo huo wa 1975 Tanzania ilifanya mtihani wake wa kwanza wa taifa wa kisomo cha watu wazima. Mamilioni walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kushika kalamu. Jaribuni kumfikiria bibi wa miaka 70 wa wakati ule, mwenye akili kali, ajuaye deni la kila jirani yake, akiketi mbele ya kipimo kile cha Marekani. Angepoteza alama za kusoma, za kuandika, za kuchora na za hesabu, na daktari angeandika kwamba ubongo wake umeharibika. Mimi naliona hilo kuwa dhuluma, ingawa hakuna aliyelikusudia. Na kosa lina upande wa pili: mtu aliyesoma sana huweza kupata alama nzuri ilhali ugonjwa umekwisha kumwingia.

Ninyi wa njia ya misafara mnajua vizuri kwamba akili haikai ndani ya kalamu. Katika karne ya 19 misafara ilipita Rubuga na Kigwa ikienda Kaze, yaani Tabora, ikibeba pembe na nguo. Aliyetangulia mbele alikuwa kirangozi. Alijua kambi baada ya kambi, maji yako wapi wakati wa kiangazi, mtemi gani anadai hongo na kiasi gani, safari ya miezi hadi pwani. Yote hayo aliyahifadhi kichwani. Wazungu kama Burton na Speke, waliofika Kaze mwaka 1857 na madaftari yao, waliongozwa na watu wa namna hiyo.

Wataalamu walianza kusahihisha jambo hili miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 1992 wazee wa Ibadan, Nigeria, na wazee Weusi wa Indianapolis, Marekani, walichunguzwa kwa maswali ya namna moja yaliyotungwa yasimwonee asiyesoma. Jambo jema zaidi katika maswali yale ni kwamba jamaa wa mgonjwa naye aliulizwa: je, mzee anafanya kazi zake kama zamani? Anapotea? Anakosea mapishi?

Hapa kwetu kazi hiyo ilifanyika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Hai ilichaguliwa kwa kuwa watu wake walikuwa wamekwisha hesabiwa nyumba kwa nyumba katika uchunguzi wa afya uliotangulia, hivyo wazee walijulikana walipo. Waganga wetu pamoja na wenzao kutoka Uingereza walipita katika vijiji sita, wakawaona watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika kila wazee 100, kiasi cha 6 walikuwa na demensia. Basi ugonjwa upo, na kwa kuwa watu wetu sasa wanaishi miaka mingi kuliko zamani, wagonjwa wataongezeka.

Baada ya hapo walitunga kipimo kipya, kikatolewa mwaka 2014. Kina alama 15 tu, wala hakina kalamu. Mzee husomewa maneno kumi, na baadaye huulizwa anayakumbuka mangapi. Huambiwa ataje majina ya wanyama kwa muda wa dakika moja. Mfugaji au mwindaji hapo hana shida! Na mahali pa kuchora, tabibu hupanga njiti za kiberiti mezani kwa umbo fulani, kisha mzee hupewa njiti zake apange vivyo hivyo. Kila mtu amekwisha kushika kiberiti. Kipimo hicho kilikusudiwa kitumiwe na muuguzi au tabibu wa kawaida, maana madaktari bingwa wa ubongo katika nchi yetu ni wachache mno.

Pengine mtasema, kwa nini tujisumbue, ikiwa dawa ya kuponya haipo? Ni kweli, haipo hata Ulaya. Ziko dawa zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa, lakini haziponyi. Hata hivyo ziko sababu za kujisumbua, na moja ni ya kufa na kupona.

Mgonjwa wa demensia aghalabu huamka usiku. Hutoka nje, pengine bila nguo, akazunguka nyumba ya jirani akidhani ni kwake, huku akisema peke yake. Katika mikoa yetu ya magharibi na ile ya Ziwa, mwaijua kazi anayodhaniwa kufanya mtu huyo. Watasema anawanga. Na kama ni bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60, maneno huzidi. Wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, na Tabora ni miongoni mwa mikoa iliyopatwa na aibu hiyo. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, lakini sheria peke yake haikuzuia panga. Sidai kwamba wote waliouawa walikuwa wagonjwa wa kusahau. Wengine waliuawa kwa ajili ya shamba au urithi. Lakini mzee anayetembea usiku bila kujua alipo yumo katika hatari, na neno la tabibu, likisemwa mapema mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kijiji, huweza kumkinga.

Sababu nyingine ni kwamba si kila anayesahau ana demensia. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo mwaka 2010, likakisahihisha mwaka 2016, kwa ajili ya matabibu wasio mabingwa. Ndani yake tabibu hufundishwa kuuliza: hali hii imeanza lini? Ikiwa imeanza juzi kwa ghafula, huenda ni malaria, homa ya mapafu au ugonjwa wa mkojo, na hilo hutibiwa upesi. Ikiwa mzee amefiwa, hali wala halali, huenda ni huzuni kubwa. Kaswende ya zamani, ulevi, upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata vidonge vingi vinavyochanganywa ovyo, vyote huweza kuichafua akili. Ikiwa imeendelea polepole kwa miezi 6 au zaidi, hapo tabibu hufikiri demensia. Hupima pia shinikizo la damu na sukari, maana kiharusi huharibu ubongo na kuongeza kusahau.

Na kule Hai wagonjwa waliosaidiwa hawakupewa vidonge. Walikutanishwa katika vikundi vidogo mara 14 kwa muda wa majuma 7, wakazungumza na kufanya mazoezi ya kuichangamsha akili. Baadaye akili zao zilipopimwa zilionekana zimepata nafuu. Mtaona kwamba jambo hilo linafanana sana na darasa lenu.

Sasa namjibu mama wa Goweko. Mpeleke mama mkwe wako zahanati, nawe ufuatane naye, kwa kuwa wewe unaishi naye na ushahidi wako ni nusu ya kipimo. Chukua vidonge vyote anavyomeza, na dawa za miti shamba pia, bila kuficha hata moja. Mwambie tabibu kazi alizokuwa akizifanya mwaka jana na sasa hawezi. Akiulizwa umri wake asilazimishwe kutaja tarehe. Aulizwe alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa mkutano wa TANU wa Tabora mwaka 1958, au wakati wa Uhuru mwaka 1961, au watu walipohamia vijijini mwaka 1974. Zahanati ikishindwa, mwombe barua ya kwenda Hospitali ya Kitete, mjini Tabora. Nyumbani, mlango ufungwe usiku na mtu mmoja alale karibu naye. Msimfunge kamba. Akikuita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, usibishane naye; mletee uji wake, ukae naye kidogo.

Juma lijalo, saa kama hii, tutasoma habari za shinikizo la damu. Mwalimu awe tayari na chaki, na kila mwanafunzi aje na daftari lake.