Duara Chini ya Mwembe

Watoto wa darasa la saba wakitoka katika chumba cha mtihani hawaendi moja kwa moja nyumbani. Hukusanyika. Mmoja huuliza, "Ile habari ya ufahamu, swali la tatu umejibu nini?" na papo hapo duara limekwisha kuundwa. Sijapata kumwona mwalimu aliyewafundisha kufanya hivyo, wala aliyefaulu kuwakataza.

Mimi mwenyewe nilisimama katika duara la namna hiyo mwaka 1965, tulipofanya mtihani wa darasa la nane huko kwetu Ukerewe. Habari tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza na ilizungumzia theluji. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona theluji. Tulibishana mpaka jua likazama, na mwenzetu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyeamua majibu yawe yapi. Kumbe naye alikuwa akidhani theluji ni aina ya moshi.

Nilipoingia chuo cha ualimu, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, tulisoma kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea. Humo alisema kwamba mitihani tuliyorithi ilipima zaidi uwezo wa mtu wa kukariri mambo na kuyatoa anapotakiwa, na akataka shule ya msingi isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Tuliyajadili maneno hayo kwa moyo. Kisha mwaka 1971 Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza letu wenyewe. Mitihani ikawa yetu, na kwa upande wa shule za msingi ikawa kwa Kiswahili. Theluji ikatoweka. Lakini nafasi za sekondari zilibaki chache sana, hasa baada ya mpango wa Elimu kwa Wote wa mwaka 1977 kujaza madarasa yetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, kati ya watoto 100 waliomaliza darasa la saba katika shule za serikali, hawakufika 10 waliopata nafasi. Kwa hiyo mtoto aliyesimama chini ya mwembe akilinganisha majibu hakuwa anacheza. Alikuwa akipiga ramli juu ya maisha yake.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja kando ya ziwa. Wasimamizi walitoka shule nyingine, kama ilivyo desturi, na mimi sikuruhusiwa kukaribia chumba wala kuona karatasi. Siku ya kwanza, baada ya karatasi ya lugha, nilikuta duara limechemka. Habari ilimhusu mzee aliyeuza ng'ombe wake, na swali liliuliza sababu. Wanafunzi wote walikuwa wamejibu kwamba mzee alitaka kulipa deni. Msichana mmoja tu alijibu kwamba aliogopa ukame. Alikuwa mpole, msomaji mzuri kuliko wote niliokuwa nao, na wenzake walikuwa wakimcheka.

"Mwalimu mkuu, tuamulie," wakasema.

Nami nikaamua! Nilitazama vichwa thelathini na kitu upande mmoja, na kichwa kimoja upande wa pili. Nilifikiri pia jinsi watu wa kwetu wanavyouza ng'ombe, na ni kweli kwamba mara nyingi ni kwa ajili ya deni. Nikamwambia, "Binti, hapo umeteleza." Nilisema kwa upole, na nadhani upole huo ndio uliomfanya aniamini. Akauliza kama swali moja linaweza kumfelisha mtu. Nikamjibu kwamba kwa nafasi zilivyo chache, kila swali lina uzito. Nilikuwa nikitaka wale wengine wasibweteke kwa karatasi ya hisabati ya kesho yake.

Kesho yake hakuja. Nilimtuma kijana kwa baiskeli, akarudi na habari kwamba msichana ameondoka alfajiri na mtumbwi kwenda kwa shangazi yake, maana amekwisha kufeli, haoni sababu ya kujisumbua. Mtihani ulianza bila yeye.

Mwaka uliofuata nilipata nakala ya karatasi ile kwa ajili ya mazoezi ya darasa jipya. Niliisoma ofisini peke yangu. Katika aya ya pili imeandikwa wazi kwamba mzee alitazama mawingu, akaona mvua imechelewa mwezi mzima, akaamua kuuza kabla ng'ombe hawajakonda. Deni limetajwa mwishoni, lakini ni deni la jirani yake. Wanafunzi thelathini na kitu walisoma harakaharaka, na mwalimu mkuu wao hakusoma kabisa.

Tangu hapo niliweka amri: hakuna kulinganisha majibu mpaka karatasi ya mwisho imekusanywa. Walinisikia shuleni na kuniasi njiani. Mwaka 2012 zilipoletwa fomu zinazosahihishwa kwa mashine, ambapo mtoto huweka kivuli kwenye herufi kwa penseli, nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini nyumba yangu iko jirani na shule. Duara lilikuwa lile lile, tofauti ni kwamba sasa walikuwa wakitajiana herufi tu, "B! C! Hapana, D!" bila kumtaja mzee wala ng'ombe.

Yule msichana nilionana naye mwaka 2007. Shule za sekondari za kata zilikuwa zimejengwa, na mwanawe wa kwanza alikuwa amechaguliwa. Alikuja ofisini kuchukua fomu ya kujiunga. Wazazi wengine walikuwa wakitia sahihi pale nilipowaonyesha kwa kidole. Yeye aliomba kiti, akaisoma fomu yote, kurasa zote, akarudi nyuma mara moja, kisha akaniuliza, "Shikamoo tena mwalimu, huu mchango wa madawati mbona umeandikwa mara mbili?"

Nikaangalia. Ulikuwa umeandikwa mara mbili.

Nilitaka kumwambia habari ya ng'ombe. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wazazi, nikafuta ule mstari kwa kalamu, nikampa fomu yake.