Moto wa Nyika ya Shinyanga na Mwezi Wake

Nyika ya Shinyanga, kuanzia Songwa na Mwadui hata kuelekea Kahama, huonekana leo tambarare yenye miti haba, kiasi ambacho mgeni hudhani kuwa iliumbwa hivyo. Kumbe mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa pori la miiba, milki ya mbung'o kuliko ya mwanadamu. Sotoka, maradhi yaliyoingia Afrika ya Mashariki takriban mwaka 1890, yaliangamiza ng'ombe, na ng'ombe walipokwisha, malisho yalikosa mlaji, vichaka vikaota, watu wakahama. Na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipozidisha dhiki, mbung'o alisonga mbele pasi na mpinzani, akiua mifugo kwa nagana na kuwatia watu hofu ya malale.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Charles Swynnerton, aliyewekwa na serikali ya Kiingereza kuwa Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika mwaka 1919, mtu ambaye hapo kabla, katika nchi ya Gaza kusini mwa Afrika, alikuwa amechunguza jinsi Mfalme Mzila alivyomfukuza mbung'o kwa kuwakusanya watu wakae pamoja na kuisafisha ardhi. Rai yake kwa Shinyanga ilikuwa kwamba moto, ambao watu walizoea kuuwasha ovyo kila kiangazi, ufanywe silaha. Moto unaowashwa Mei au Juni, nyasi zingali na unyevu, hupita juu juu, hula kipande na kuacha kipande, na miti husalimika. Lakini moto unaongojewa hata Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa ndefu na kavu kabisa, huwa na ukali wa kuteketeza miche, kukausha vichaka na kuondoa kivuli ambamo mbung'o hujisitiri na jua.

Ugumu wa jambo hili haukuwa katika kuwasha, bali katika kungoja. Mchungaji alitamani majani mabichi yachipue mapema, mwindaji alitaka nyika iwe wazi, na mrina asali aliingia porini na mwenge wake. Yeyote kati yao, kwa cheche moja ya mwezi wa Juni, aliweza kuharibu kazi ya mwaka mzima. Kwa sababu hiyo siasa ya Swynnerton, aliyoieleza katika maandishi ya 1925, isingeweza kusimama bila ya watemi, miongoni mwao Makwaia wa Busiya, wala bila ya raia waliotii kuzuia moto na kushika mashoka kufyeka palipobaki. Naona ni dhulma kuwa historia hukumbuka jina la bwana mkubwa mmoja, hata mbung'o wa nyika hii akaitwa kwa jina lake katika elimu ya wadudu, ilhali maelfu waliofyeka hawana kumbukumbu. Swynnerton mwenyewe alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na Burtt, mtaalamu wa mimea.

Yafaa tukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo, Idara ya Misitu ya Marekani, kwa hofu iliyoachwa na mioto mikubwa ya 1910, iliamuru mwaka 1935 kwamba kila moto wa msitu udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata taarifa yake. Huko moto ulikuwa adui kila mwezi. Shinyanga ulikuwa mtumishi aliyepangiwa mwezi.

Mtumishi huyo, hata hivyo, alifanya kazi kupita kiasi. Kufyeka kuliendelea, Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa 1947 ukawafungulia watu njia ya kuhamia Geita, pamba na mifugo vikaenea, na hatimaye ardhi iliyookolewa kutoka kwa mbung'o ikabaki uchi. Mwalimu Nyerere alipoizuru Shinyanga mwaka 1984 alihuzunishwa na hali hiyo, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wake walifanya jambo la hekima: walirejea ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika ili yasaidie kiangazi, nao ulinzi wa ngitili dhidi ya mifugo na moto ukabaki mikononi mwa dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 tu mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 mradi ulipokwisha mwaka 2004.

Leo Sheria ya Misitu ya 2002 inadai kibali kwa anayetaka kuchoma majani nje ya makazi yake, na mabwana misitu hushauri moto wa mapema, kinyume cha Swynnerton, kwani makusudio sasa ni kuihifadhi miti. Lakini kibali cha ofisini hakimfikii mrina asali aliye katika miombo ya Geita. Basi nawasihi wazee na halmashauri za vijiji, kuanzia Songwa hata Geita: mwezi wa moto na ujadiliwe dagashidani kila mwaka, mara masika yaishapo na nyasi zingali mbichi, na warina asali, wachungaji na wachoma mkaa waitwe wawepo.