Kiendeshi: kinaendesha nini hasa?

Bodi ndogo za Linux, mfano wa Raspberry Pi, mara nyingi hazina diski. Mfumo wote hukaa kwenye memori kadi yenye ukubwa wa ukucha, na kadi ikigoma hakuna kinachowaka isipokuwa taa ya umeme. Fundi akiunganisha waya wa siriali ili aone kinachoendelea, huenda akakuta ujumbe mmoja unajirudia: mmc0, kosa -110. Hukumu hutolewa papo hapo: draiva mbovu, au kadi feki.

Draiva ipi?

Istilahi ya Kiswahili ni kiendeshi, nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi endesha. Dereva tayari ni mtu aliyeshika usukani, naye yumo katika ngeli ya A-WA. Kiendeshi kimeingizwa KI-VI, pamoja na zana. Maana yake ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kukitumia kifaa fulani. Wapo wanaoiita hivyo hata diski yenyewe, kwa hiyo mwandishi hana budi kutaja ni kiendeshi cha nini.

Kwenye memori kadi, kutaja huko ndiko kunakoonyesha pa kutafuta hitilafu. Linux haina kiendeshi cha kadi za SanDisk wala cha kadi za Samsung. Kila kadi ya SD ina kidhibiti chake kidogo ndani, na kiwango kilichotangazwa 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba kimepanga amri ambazo kadi zote huzitii. Kinachotofautiana ni upande wa bodi: kidhibiti kilichomo kwenye chipu kuu, ambacho watengenezaji huunda kila mmoja kivyake. Ndiyo maana kazi imegawanywa katika matabaka matatu. La juu huifanya kadi ionekane kama diski, kwa jina la mmcblk0. La kati linajua amri za SD. La chini, linalogusa rejista, saa na volti, ndilo kiendeshi cha kidhibiti, na ndilo linalobadilika kutoka chipu hadi chipu.

Mazungumzo na kadi huanza polepole: saa isiyozidi kilohezi 400, volti 3.3. Kadi ikishajitambulisha, mwendo hupandishwa hadi megahezi 25 au 50. Kadi zenye mwendo wa kasi zaidi, za UHS-I, zikikutana na bodi inayoziweza, nyaya za mawasiliano hushushwa hadi volti 1.8, na saa yaweza kufika megahezi 208.

Hapo ndipo kinapozaliwa kisa kinachowatesa wengi. Bodi inawaka vizuri umeme unapochomekwa, lakini ikiamriwa kujizima na kujiwasha inaganda. Kidhibiti kimeanza upya kwa volti 3.3, ilhali kadi, ambayo umeme wake haukukatwa, imebaki kwenye 1.8. Kadi hairudi 3.3 mpaka ikatiwe umeme. Haijibu, muda unakwisha, na kosa -110 maana yake ni hiyo tu: muda umekwisha.

Dawa yake mara nyingi haimo kwenye msimbo wa kiendeshi. Imo kwenye mti wa vifaa, faili linalokieleza kiendeshi jinsi bodi ilivyoundwa. Kama bodi ina swichi ya kukata umeme wa kadi, lazima itajwe humo. Kama haina, huandikwa no-1-8-v ili nyaya zisishushwe hadi volti 1.8, na mtumiaji akaridhika na mwendo mdogo.

Kosa -84 ni jingine: data imefika, ila hesabu ya kuihakiki haikulingana. Faili la /sys/kernel/debug/mmc0/ios huonyesha saa, volti na upana wa njia vinavyotumika wakati huo. Fundi akipunguza max-frequency kwenye mti wa vifaa na makosa ya -84 yakatoweka, kadi na kiendeshi huenda vyote ni vizima. Cha kukagua kwanza ni soketi, nyaya na umeme unaoilisha kadi.