Zana za Askari wa Keya: Asili na Nakala

Katika mkutano wetu uliopita wenzetu walipendekeza shule yetu iwe na kabati la kumbukumbu za babu zetu waliotumikia Keya, yaani King's African Rifles. Pendekezo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kabla hatujaanza kupokea masururu na mabeleshi, yafaa tujiulize: tutajuaje kuwa chombo kilikuwa vitani kweli, wala si nakala iliyotengenezwa baadaye kwa ajili ya sinema, maonyesho au biashara? Mwanafunzi atakayesimama mbele ya kabati hilo atasadiki lolote tutakalomwandikia.

Keya iliundwa mwaka 1902. Askari wake walipigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, na katika ile ya Pili wakafika mbali zaidi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko, iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Burma, ikafika Kalewa mwezi Desemba. Katika vita vya namna hiyo shimo alilojichimbia askari ndilo lililokuwa kinga yake. Chombo cha kuchimbia kilikuwa uhai.

Sisi tuliozoea majalada ofisini twajua kuwa barua yenye tarehe ya kabla ofisi haijafunguliwa haihitaji mjadala. Zana nazo ni hivyo hivyo. Chombo cha Waingereza cha mwaka 1908 kilikuwa na ubapa wa jembe upande mmoja na ncha ya sururu upande wa pili, na mpini wake ulichomoka. Katika Vita Kuu ya Pili baadhi ya mipini iliongezwa chuma cha kupachikia singe, ili askari apapase mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mtu akileta mpini wa aina hiyo na kusema ulichimba mwaka 1916, hadithi yake imeanguka. Kadhalika beleshi la kukunja: Wajerumani walilianza mwaka 1938, na Wamarekani wakaiga mwaka 1943. Haliwezi kuwa la askari wa Lettow-Vorbeck.

Baada ya tarehe, tazama chapa. Mali ya serikali ya Uingereza ilipigwa alama ya mshale, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku, na aghalabu mwaka ukaandikwa karibu yake. Lakini chapa peke yake haitoshi, kwani nayo huigwa. Chapa ya zamani iligongwa ikazama, na kutu iliyo ndani yake hulingana na ile iliyo nje. Ukiona chuma chote kimezeeka lakini ndani ya herufi kunang'aa, jua chapa imekuja baada ya kutu.

Kutu yenyewe husema. Ile iliyoletwa kwa tindikali au maji ya chumvi huwa nyekundu na imeenea sawasawa; ya miaka mingi ni nyeusi-nyeusi, imekula hapa na kuacha pale. Mpini nao hulainika pale mkono uliposhika. Ukiwa umekolea rangi sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, una haki ya kuutilia shaka.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kukataa. Mzee aliyerudi na chombo chake akakilimia shambani, kisha akakitia mpini wa mti wa kwao, hakughushi kitu. Mpini ule ni sehemu ya historia yake, nasi tuuandike hivyo. Nakala pia si dhambi ikiitwa nakala. Dhambi ni kuiita asili, kwa maana siku itakapofichuka itavitia shaka hata vile vya kweli vilivyo kando yake.

Basi, ndugu zangu, nawasihi mambo mawili. Msisugue chombo kwa msasa wala kukipaka rangi kabla ya kukileta, kwa sababu mtakuwa mmefuta ushahidi. Tena tuandike kando kando yale yasemwayo na familia na yale yaonyeshwayo na chombo chenyewe. Yakipatana, tufurahi. Yasipopatana, tumwachie msomaji yote mawili, bila kuyapamba.